Rahisi huvunja upishi: Kompyuta ya duka ichaguliwe vipi ziwani Mweru?

Na Mwandishi Wetu, Nchelenge

WAFANYABIASHARA wadogo wa Nchelenge, Kashikishi na Chienge wana kalenda yao, na kalenda hiyo huandikwa na ziwa. Kila mwaka kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hupiga marufuku uvuvi katika Ziwa Mweru ili samaki wazaliane. Nyavu hukunjwa, magunia ya chisense hupungua sokoni, na fedha iliyokuwa ikizunguka kutoka mwaloni hadi dukani hukauka. Mwenye duka la dawa, mwenye nyumba ya wageni, mama anayechapa barua na kutoa fotokopi, wote hubana matumizi mpaka Machi.

Ndiyo maana suala la kununua kompyuta moja, ambalo kwa kampuni kubwa ya Lusaka ni karatasi ya kutia saini tu, kwa mfanyabiashara wa huku ni uamuzi wa mtaji. Akinunua mashine Oktoba ikafa Januari, hana fedha ya kuitengeneza wala ya kununua nyingine. Na fundi aliyemchagulia mashine hiyo naye hana pa kujificha, kwani mji ni mdogo na kila mtu anajua nani alimuuzia nani.

Makala haya yanaangalia jinsi fundi, au yeyote anayewanunulia wengine, anavyoweza kuchagua kompyuta za mezani zenye bei nafuu na zisizomwangusha mteja, katika mazingira ya ufuo huu unaopakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kwa nini sasa?

Mambo mawili yamefanya kompyuta iwe hitaji hata katika maduka ambayo zamani yaliridhika na daftari. La kwanza ni kodi. Mwaka 2024 Mamlaka ya Mapato ya Zambia (ZRA) ilianza kuwataka wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani watoe ankara kupitia mfumo wa kielektroniki unaoitwa Smart Invoice. Risiti ya kuandika kwa kalamu haimtoshi tena muuzaji wa saruji au vipuri anayetaka kuiuzia halmashauri, shule au shirika.

La pili ni wateja wenyewe. Tangu makazi ya wakimbizi ya Mantapala yalipofunguliwa wilayani Nchelenge mwaka 2018, kwa ajili ya watu waliokimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, mashirika na ofisi zimeongezeka, na kila ofisi inataka karatasi iliyochapwa. Wapo pia wanaovuka kutoka Pweto na Kilwa ya Kongo, wanaozungumza Kiswahili, wakitafuta mahali pa kuchapa barua, kupiga picha za vitambulisho na kutuma nyaraka kwa barua pepe.

Kabla ya kuuza, uliza

Kosa kubwa hufanyika kabla mashine haijaonekana. Mteja huingia na kusema anataka kompyuta, na fundi hukimbilia kutaja bei. Swali la kwanza linapaswa kuwa jingine kabisa: Mama, utaifanyia kazi gani?

Mwenye duka anayetaka kutoa ankara tano kwa siku huenda hahitaji kompyuta kamwe. ZRA iliuweka mfumo wake kwa njia kadhaa, ikiwamo programu ya simu za Android, na simu nzuri aliyo nayo mfukoni yaweza kutosha. Fundi anayemwambia ukweli huo hupoteza mauzo ya siku moja, lakini mteja huyo atamrudia duka litakapokua.

Kwa upande mwingine, mwenye nyumba ya wageni anayeandika wageni, kutunza hesabu na kuchapa stakabadhi anahitaji kompyuta ya kawaida kabisa. Mwenye studio ya picha, anayesafisha na kuchapa picha kubwa, anahitaji memori zaidi na skrini yenye rangi nzuri. Duka la uchapaji lenye wafanyakazi wawili wanaopokezana linahitaji mashine inayovumilia kuwashwa kutwa nzima.

Wapo wanaouliza kwa nini wasinunue kompyuta ya mapajani. Hoja yao ina uzito, kwa sababu ina betri yake na umeme ukikatika haizimiki. Hata hivyo, kibodi yake ikimwagikiwa chai ni gharama, kioo chake kikipasuka ni gharama kubwa zaidi, na huondoka kirahisi mikononi mwa mwizi. Kompyuta ya mezani hukaa mahali pake, kibodi ikiharibika hununuliwa nyingine kwa bei ya chini, na kila kiungo hubadilishwa peke yake. Kwa duka ambalo watu wengi hushika mashine moja, ya mezani bado ina faida.

Mpya ya bei chee au iliyotumika?

Kwa fedha ileile, mnunuzi huwa na njia mbili. Ya kwanza ni mashine mpya ya bei ya chini, ambayo mara nyingi huwa na prosesa dhaifu na diski ndogo. Ya pili ni mashine iliyotumika maofisini Ulaya, Marekani au Ghuba kwa miaka mitatu hadi mitano, kisha ikasafishwa na kuuzwa tena.

Mafundi wengi wazoefu huchagua ya pili, na wana sababu. Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi, kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, au Lenovo ThinkCentre, ziliundwa ili zifunguliwe kwa urahisi na kufanya kazi kwa saa nyingi. Kwa kuwa kampuni hununua mamia kwa wakati mmoja na kuyatoa kwa wakati mmoja, vipuri vyake vinapatikana kwa wingi katika soko la mitumba.

Lakini jina kubwa si kinga. Wenye kumbukumbu watakumbuka kwamba kati ya mwaka 2003 na 2005 Dell iliuza mamilioni ya kompyuta za OptiPlex zilizokuwa na kapasita mbovu, vile vifaa vidogo kama vikopo vinavyosimama kwenye bodi kuu. Vilivimba na kupasuka, na mwaka 2005 kampuni hiyo ilitenga dola milioni 300 za Marekani kwa ajili ya matengenezo. Funzo ni kwamba fundi ahukumu modeli na mashine iliyo mbele yake, asihukumu nembo iliyobandikwa usoni.

Tarehe inayogawa soko

Kuna tarehe moja ambayo kila mnunuzi wa kompyuta iliyotumika anapaswa kuijua: Oktoba 14, 2025. Siku hiyo kampuni ya Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10. Watumiaji binafsi waliwekewa nafasi ya kuendelea kupata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, lakini njia iliyoelekezwa ni kuhamia Windows 11.

Shida ni kwamba Windows 11 haikubali kila mashine. Kwa upande wa prosesa za Intel Core, inataka kizazi cha nane au zaidi, yaani zilizoanza kutoka mwishoni mwa mwaka 2017, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Matokeo yake, kampuni za nchi tajiri zimekuwa zikitoa maofisini mashine nyingi za kizazi cha sita na cha saba. Nyingi bado zina nguvu, lakini mlango wa Windows 11 umefungwa kwao. Mashine hizo ndizo zinazoshushwa bei, na ndizo zitakazomvutia mnunuzi asiyejua.

Kuzitambua si kazi ngumu. Angalia namba inayofuata baada ya kistari katika jina la prosesa. i5-6500 ni ya kizazi cha sita. I5-7500 ni ya saba. I5-8500 ni ya nane. Kwa majina ya mashine, OptiPlex 7050 ni ya kundi la zamani na 7060 ni ya kundi jipya. EliteDesk 800 G3 ni ya zamani na G4 ni mpya. ThinkCentre M710 ni ya zamani na M720 ni mpya.

Mnunuzi asidanganywe na neno i7. Prosesa ya i7-3770, iliyotoka mwaka 2012, haimwachi mbali mdogo wake i3-8100 katika kazi za kawaida za duka, inatumia umeme zaidi, na haikubaliki katika Windows 11. Anayelipa zaidi kwa sababu ya tarakimu 7 analipia kivuli.

Je, mashine za zamani zitupwe? Hapana. Kwa mtu wa kuchapa barua na kutoa nakala, mfumo huru wa Linux, mathalani Linux Mint au Ubuntu, pamoja na programu ya LibreOffice, huifanya mashine ya kizazi cha sita ifanye kazi bila malipo ya leseni. Jambo la msingi ni mteja aambiwe mapema, na fundi ahakikishe kwanza kwamba printa na programu zote anazozihitaji mteja zinakubali mfumo huo.

Umeme ndio mtihani

Hakuna jambo linaloua kompyuta upande huu kama umeme. Mwaka 2024, baada ya ukame uliotangazwa kuwa janga la taifa, maji ya Bwawa la Kariba yalipungua sana na mgawo wa umeme ukawa wa saa nyingi kwa siku karibu nchi nzima. Aliyekuwa na kompyuta inayokula umeme mwingi alifunga duka. Aliyekuwa na inayokula kidogo, na betri ya sola pembeni, aliendelea kuchapa.

Hebu tufanye hesabu. Kompyuta ya zamani ya mnara pamoja na skrini yake yaweza kutumia wati 100 hivi ikiwa kazini. Kompyuta ndogo ya ofisi, ile inayolingana na kitabu kinene, hutumia wastani wa wati 20 kwa kazi nyepesi, na skrini ya LED wati 15, jumla wati 35. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini isiyotakiwa kufa mapema hutumiwa nusu tu, yaani 600. Ukiondoa kinachopotea kwenye inveta, zinabaki kama 500. Mashine ya kwanza itafanya kazi saa tano. Ya pili itafanya kazi saa 14.

Tofauti hiyo yaweza kuwa na thamani kuliko punguzo lolote la bei dukani. Hata kwa asiye na sola, UPS ndogo ambayo huishikilia mashine ya mnara kwa dakika chache itaishikilia ile ndogo kwa muda mrefu zaidi, hivyo mteja huhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Kompyuta hizi ndogo za ofisi hazina pawa saplai ndani. Hutumia chaja ya nje inayofanana na ya kompyuta za mapajani za kampuni hiyohiyo. Chaja ikiungua, nyingine hupatikana kwa muuza vifaa vya kompyuta za mapajani mjini Mansa. Mashine za ofisi za umbo la kati, zile nyembamba, huwa na pawa saplai yenye umbo la pekee ambayo haipatikani kila mahali. Minara ya kawaida iliyounganishwa na mafundi huwa na pawa saplai ya kawaida inayopatikana kwa wengi. Fundi anayejua kwamba Lusaka iko umbali wa kilomita elfu moja hivi atafikiria kipuri kabla ya kufikiria kasi.

Aidha, mashine zilizotoka Marekani zikaguliwe mgongoni. Baadhi ya minara ina swichi ndogo nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Zambia hutumia volti 230. Mashine iliyoachwa kwenye 115 ikichomekwa ukutani hutoa mlio, moshi na hasara.

Diski, memori na saa

Kwa duka dogo, diski ya SSD ni jambo la lazima. Haina sahani inayozunguka, hivyo huvumilia mtikisiko wa safari ndefu ya basi kuliko diski ya zamani. Pia huifanya mashine ya wastani iwe nyepesi kuliko ongezeko lolote la prosesa. Ukubwa wa GB 256 unatosha wengi. Memori iwe GB 8. Windows 11 inakubali GB 4, lakini mtumiaji ataishi kwa kusubiri.

Hata hivyo, SSD nayo hufa, na ikifa haitoi mlio wa kuonya. Hesabu za mteja zinakiliwe kila wiki kwenye flashi au diski ya nje inayolala mahali pengine, si kwenye droo ileile ya kompyuta.

Kifaa kidogo kuliko vyote kinachosumbua ni betri ya duara kama sarafu, aina ya CR2032, iliyo kwenye bodi kuu. Katika mashine iliyokaa ghalani miaka kadhaa, betri hiyo huwa imekwisha. Umeme ukikatika, tarehe hurudi nyuma. Mteja hushangaa tovuti zinamkataa na ankara zinatoka na tarehe isiyo sahihi, kisha hulaumu mtandao. Fundi mwangalifu huibadilisha betri hiyo kabla ya kukabidhi mashine, kwa gharama ndogo mno.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Kwanza, iwashe mashine na uingie kwenye mipangilio ya msingi: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, iache.

Pili, fungua kifuniko. Tazama kapasita kama zimevimba, feni kama inazunguka bila kukwaruza, na vumbi kama limeganda. Harufu ya kuungua haifichiki.

Tatu, pima hali ya diski kwa programu ya kukagua afya yake, na uone imefanya kazi saa ngapi.

Nne, hakikisha leseni ya Windows ni halali na imekubaliwa mashine ikiwa mtandaoni. Windows ya wizi huja na virusi, na mwenye hesabu za wateja anabeba dhamana, kwani Zambia ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2021.

Tano, iache ikifanya kazi saa mbili au tatu mfululizo. Mashine nyingi mbovu huwa nzima kwa dakika kumi za kwanza.

Sita, usisahau kibodi. Zambia hutumia mpangilio wa QWERTY, lakini aliyejifunza kuchapa Kongo amezoea AZERTY ya Kifaransa, na mashine zinazotoka Ufaransa au Ubelgiji huja na kibodi hiyo. Mteja wa Pweto atafurahi; wa Kashikishi atakasirika. Vivyo hivyo kwa plagi: ya Zambia ina miguu mitatu bapa, na ya upande wa Kongo ni ya duara. Waya mmoja wa ziada unamaliza tatizo.

Modeli moja, akiba moja

Fundi mwenye wateja kumi hafaidiki kuwa na modeli kumi tofauti. Akichagua modeli moja au mbili na kuzishikilia, chaja moja ya akiba na diski moja iliyotayarishwa huwahudumia wote. Akiweza kuweka mashine nzima moja pembeni, mteja aliyeharibikiwa huazimwa asubuhi ileile na duka lake halifungwi. Huduma hiyo ndiyo inayomtofautisha fundi wa kudumu na mchuuzi wa kupita.

Tuchukue mfano wa tarakimu, ambao si bei ya soko. Tuseme mashine moja inauzwa kwacha 2,000 na nyingine 3,500. Ya kwanza ikiungua pawa saplai, mteja akatumia 900 kwa nauli ya Mansa, kifaa na fundi, kisha diski ikafa akatumia 700 nyingine, tayari ametoa 3,600. Hapo hatujahesabu siku ambazo mlango ulifungwa na wateja wakaenda kwa jirani. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Dhamana iwe karatasi

Dhamana ya mdomo hufa pamoja na mashine. Karatasi moja inatosha: jina la modeli, namba yake, kilichobadilishwa, muda wa dhamana, na nini hakimo, mathalani radi au maji. Aliyenunua mashine yake Kariakoo na kuipitisha Tunduma ajue kwamba dhamana ya duka la Dar es Salaam itamdai airudishe hukohuko, na nauli ya kwenda na kurudi inaweza kuzidi thamani ya mashine. Kwa hiyo fundi anayeagiza kutoka mbali aiweke dhamana yake mwenyewe ndani ya bei, na amwambie mteja hivyo waziwazi.

Mwisho ni suala la majira. Mteja anayetaka kompyuta anunue wakati samaki wapo, kati ya Machi na Septemba, ili mashine ijaribiwe miezi kadhaa kabla ya marufuku ya Desemba. Ikiwa na kasoro, itajionyesha wakati fedha ya kuirekebisha bado ipo. Na fundi naye afanye ukaguzi wa bure kwa wateja wake wote mwezi Novemba: apulize vumbi, apime betri ya UPS, anakili hesabu. Ni kazi ya nusu saa kwa kila duka, na ndiyo itakayoamua ni milango mingapi itakuwa wazi nyavu zitakaporudi majini.